Msituandikie wimbo wa uzazi, tutautunga wenyewe

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu wote. Naomba nafasi, na naomba msiikate sana maana barua zetu za mikoani mkishazikata inabaki malalamiko tu, na mimi hapa sijaja kulalamikia posho. Posho ntaigusa, lakini mbele ya safari.

Ni hivi. Huku kwetu Mtwara, na nina uhakika sio Mtwara peke yake, ikija kampeni ya afya ya mama na mtoto, au uzazi wa mpango, au kupinga mimba za utotoni, mambo ni yale yale. Hema, viti vya plastiki, maspika makubwa, meza kuu ina kitambaa na maji ya chupa, fulana zimegawiwa, na pembeni kikundi cha ngoma cha kinamama kimekaa juani toka asubuhi kinamsubiri mgeni rasmi ambae atafika jua likiwa utosini. Akifika tunapiga ngoma, tunacheza, anatutunza kidogo, MC anasema asanteni sana kinamama mmetuburudisha, afu hotuba zinaanza na hizo hotuba ndo zinaandikwa kwenye ripoti kwamba jamii imepewa elimu. Mimi nimo kwenye kikundi kama hicho miaka mingi, nimecheza mbele ya viongozi wa kila aina, na sijawahi kumsikia hata mmoja anauliza hivi hawa kinamama wamesema nini kwenye ule wimbo.

Kuna shirika moja (silitaji, na walikuwa watu wazuri tu) lilituletea wimbo umeshaandikwa huko ofisini, umechapwa vizuri, kila mmoja na nakala yake wakati nusu yetu bila miwani hatusomi. Vina hakuna, mizani imepanda huku imeshuka kule, na kibwagizo eti "huduma rafiki kwa vijana". Sasa jamani, huduma rafiki kwa vijana utaichezaje sindimba, hii ngoma yetu? Tulijaribu, mpiga ngoma akashindwa akabaki kucheka. Siku ya siku tukauimba hivyo hivyo, watu wakapiga makofi, tukarudi makwetu na fulana zetu, na hakuna mwanamke hata mmoja niliyemsikia akiuimba ule wimbo kisimani wala kwenye kuokota korosho. Huku kwetu wimbo usioimbwa kisimani ndo umeshakufa huo, hata ungekuwa umerekodiwa studio ya Dar.

Ninachosema mimi ni kwamba wenzetu wa miradi na wa serikali wanaichukua sanaa kama kipaza sauti cha kutangazia jibu ambalo wao wanalo tayari mfukoni, wakati kwenye mambo ya uzazi sanaa yetu ilipofanya kazi ya kweli ni pale ilipouliza swali ambalo wakubwa hawataki liulizwe, ikaliuliza mbele za watu, na waulizaji wakiwa ndio hao hao wenye matumbo na wenye watoto mgongoni. Na hii sijaitoa kichwani, ina historia, tena ya hapa hapa.

Anzia mbali kidogo, kwa Bibi Siti binti Saad. Mzaliwa wa Fumba, Unguja, mwaka 1880, familia iliyopitia utumwa, ndie aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili. Watu wanamkumbuka kwa sauti tu lakini katika nyimbo zake kuna ule unaoitwa Kijiti, na huo ni wa kesi iliyotokea kweli. Mwanamke mjamzito katoka Dar es Salaam kaenda Unguja kutembea, akatoka usiku na watu, akauawa na mwanaume aliyeitwa Kijiti, Kijiti akavuka maji akakimbia, na wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani wao kwa mambo ya pombe. Fikiria hapo. Mjamzito kafa, muuaji kaondoka, mashahidi wakaadhibiwa, kesi ikafungwa. Siti akaichukua akaiweka kwenye taarab, na taarab ikaingia majumbani ambako hakimu haingii, na mpaka leo karibu miaka mia tunajua aliyeua ni nani na tunajua mahakama ilifanya nini. Wakati huo hakukuwa na mradi wala mfadhili, kulikuwa na mwanamke mwenye uwezo wa kuimba na watu wenye hasira zao.

Sasa ruka mpaka miaka ya 90, wa umri wangu mtakumbuka mchezo wa redio wa Twende na Wakati. Radio Tanzania Dar es Salaam, kuanzia Julai 1993, jioni, mtaa mzima unasikiliza redio moja. Mkwaju yule dereva wa lori, kila kituo ana mwanamke wake, nyumbani kamwacha mkewe Tunu na watoto. Tulimchukia Mkwaju utadhani anatudai! Kina baba waliokuwa wanacheka mwanzoni walianza kunyamaza alipoanza kuugua. Nimekuja kujua ukubwani kwamba ule mchezo ulikuwa pia ni utafiti, Dodoma hawakurushiwa mpaka mwaka 1995 makusudi kabisa ili walinganishwe na sisi wengine, na ikaonekana kule ulikosikika watu walianza kutumia uzazi wa mpango zaidi kuliko Dodoma. Na sababu kubwa waliyoiona watafiti ni hiyo hiyo tuliyokuwa tunaiishi, watu waliongea. Mke na mume ambao wasingeweza kukaa wakaanza tu mazungumzo ya vidonge walianzia kwa Tunu, kumjadili Tunu hakuna ugomvi, afu wanajikuta wameshafika kwao wenyewe.

Lakini nao ulikuwa na upungufu wake na ntausema. Mchezo ule ulishajua unataka tufike wapi kabla hatujawasha redio. Walikusanya maoni ya watu ndio, waliandika vizuri ndio, ila swali lilikuwa limeshapangwa: tuzae wachache, tujikinge. Hakuna mtu aliyekuja kutuuliza nyie wenyewe kinachowauma kwenye uzazi ni nini. Unaweza kukuta kinachomuuma mtu ni kwamba zahanati iko mbali na bodaboda usiku anataka hela ambayo hamna ndani, hapo kijitabu cha vidonge kitamsaidia nini?

Ndio maana mimi nikiulizwa mfano wa hii kazi kufanyika sawasawa nasema Tuseme. Vijana wengi hawaijui na hilo linanisikitisha. Akina mama wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Amandina Lihamba na Profesa Penina Mlama, watu wa sanaa za maonyesho, mwanzoni mwa miaka ya 80 walikuwa wanaenda vijijini kama Malya huko Mwanza, wanakaa na wanakijiji, wanawasikiliza, wanatengeneza maonyesho na ngoma za pale pale kuhusu shida za pale pale. Mwaka 1996 wakaipeleka ile njia kwa wasichana wa sekondari wakaiita Tuseme. Baadae ikachukuliwa na FAWE, lile jukwaa la wanawake wa elimu Afrika lenye makao Nairobi ambalo Profesa Mlama mwenyewe alikuja kuliongoza, ikaenda nchi nyingi tu.

Utaratibu wake nitaueleza vizuri maana hapo ndipo ilipo siri. Wasichana wanaanza wao kwa wao. Hawapewi wimbo, hawapewi ujumbe. Wanaulizwa nini kinawazuia kusoma na kuishi vizuri, wanataja, wanachambua, kwanini, na hiyo kwanini sababu yake nini, mpaka wafike chini. Ukiwauliza juu juu watakuambia tatizo ni mimba maana wanajua ndo jibu wakubwa wanalotaka. Ukiendelea kuuliza utasikia mengine: shule haina bweni kwahiyo binti wa miaka kumi na tano kapanga chumba mtaani peke yake, anajipikia, ikifika katikati ya mwezi unga umeisha, na mwenye pikipiki anampa lifti kila siku na chipsi juu. Au utasikia mwalimu. Sasa mambo ya mwalimu, niambie mwanafunzi atayasema wapi? Akiandika barua mwandiko wake unajulikana, akienda ofisini anayemkuta ndo huyo huyo. Lakini akiyaweka kwenye igizo, mwenzake kavaa suruali na kalamu mfukoni anaigiza mwalimu anavyomwita mwanafunzi alete madaftari nyumbani, na walimu wote wamekaa mstari wa mbele na wazazi nyuma yao na mwenyekiti wa kijiji yupo, hapo limesemwa na hakuna aliyetajwa. Mwenye nalo kalijua. Akikasirika kajitaja mwenyewe! Na baada ya igizo hawaondoki, wanajadili pale pale na wageni, nini kifanyike, nani afanye, na klabu ya wasichana inabaki shuleni kufuatilia kama kweli kimefanyika.

Bibi zetu walikuwa wanafanya hivyo na kanga. Mwanamke ana ugomvi na mke mwenzie au na mama mkwe, hasemi kitu, anavaa kanga yenye maneno yanayomlenga huyo anapita nayo uani taratibu. Ukimuuliza anakuambia kwani mie nimesema nini, si nguo tu. Hiyo kinga ndiyo kitu kikubwa sanaa inachompa mtu asiye na nguvu, na ndio kitu cha kwanza kinachopotea ukimvalisha fulana yenye nembo za wafadhili mgongoni, maana hapo hasemi yeye tena, zinasema nembo.

Nirudi kwa mabinti. Mnakumbuka Juni 2017 ilivyotamkwa kwamba mwanafunzi akipata mimba asirudi shule, na mnakumbuka Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilivyotangaza kwamba anaruhusiwa kurudi baada ya kujifungua. Nilifurahi sana na nadhani kila mzazi mwenye binti alifurahi. Lakini niwaambie kitu ambacho hakimo kwenye waraka. Binti anarudi darasani, na njiani anakutana na wimbo. Kila kijiji kina wimbo wa kumcheka msichana aliyezalia nyumbani, unaimbwa na watoto wadogo kabisa wasiojua wanaimba nini, unaimbwa kwenye ngoma za usiku, kuna mpaka kwenye singeli. Binti anavumilia wiki mbili tatu anaacha shule mwenyewe, afu kwenye takwimu anaandikwa mtoro. Huo wimbo waziri hawezi kuufuta. Mwanasheria hawezi kuushtaki. Utaondolewa na sisi tunaoimba, tutunge mwingine wenye midundo mikali kuliko ule, na katika huo mpya awepo na yule mwanaume maana kwenye wimbo wa zamani mwanaume hayumo kabisa, utadhani yule binti alipata mimba kwa upepo wa kusi.

Sasa najua mtu wa Mtwara akisoma hapa ataniuliza, na unyago je, yale mafunzo ya mabinti wakikua? Haya. Wengine wanatulaumu kwamba unyago ndio unaoharibu watoto na wengine wanatuambia ni utamaduni usiguswe, na wote naona wanajirahisishia. Mimi nimechezwa, na mabinti zangu wamechezwa. Kuna mambo mule ndani niliyofundishwa na somo yangu kuhusu mwili wangu, hedhi, usafi, jinsi ya kujitunza, ambayo hakuna nesi wala mwalimu aliyekuja kunifundisha hata baadae. Bi Kidude wa Zanzibar ambae dunia nzima inamjua kwa kuimba, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa kungwi, hiyo ndiyo ilikuwa shule yake na wanafunzi wake ni wengi kuliko wa shule nyingi. Lakini pia kuwaingiza watoto wa miaka minane tisa na kuwafundisha mambo ya kumtunza mume hilo ni kosa, nasema wazi na manyakanga wenzangu, wafundishaji wa unyago, wakinuna wanune. Zamani walikuwa wanaingia wakiwa wameshavunja ungo. Sasa wanapelekwa mapema kwa ajili ya likizo za shule na kwa ajili ya sherehe, baba kauza korosho anataka watu waje wale.

Dawa iliyoletwa mpaka sasa ni semina. Manyakanga wanaitwa ukumbini, wanapewa soda na kalamu, wanaelezwa madhara, wanasaini, wanarudi. Hivi nyakanga aliyefundisha miaka arobaini kwa nyimbo na vinyago vya udongo, unambadilishaje kwa karatasi? Mtaala wa unyago upo kwenye nyimbo. Ukitaka kuubadili kaa na wenye nyimbo, muulize ipi ifundishwe umri gani, ipi iachwe, ipi itungwe upya kwa ajili ya binti atakayekwenda chuo, na waache wabishane wenyewe kwa wenyewe maana watabishana kweli kweli. Inachukua muda. Robo mwaka ya mradi haitoshi.

Kuna jambo jingine ambalo kampeni zote sijawahi kulisikia hata siku moja, na ni la wale wasiopata mtoto. Ukija kwenye ngoma zetu nyimbo zinazoliza watu wazima ni hizo, za mwanamke anayeitwa mgumba, aliyeachwa, aliyeletewa mke mwenza, kumbe pengine mwenye tatizo ni mume na hakuna aliyempima. Huyu mwanamke akikaa pale hemani anasikiliza hotuba ya kupanga uzazi anajisikiaje? Anaambiwa ahesabu watoto wakati anatafuta mmoja. Na yeye si ana haki katika uzazi? Hospitali ya kutibu hilo ni mbali na hela yake hatuiwezi, sawa, lakini hata kutajwa tu?

Kuna wanawake weusi wa Marekani, wapatao kumi na wawili, walikutana Chicago Juni 1994, miezi michache kabla ya ule mkutano mkubwa wa idadi ya watu wa Cairo, na walikuwa na hasira kama hii. Waliona wenzao wanabishana kuhusu kuzaa au kutozaa basi, wakati wao maisha yao yana zaidi ya hapo. Wakasema haki ni tatu kwa pamoja: kutozaa ukiwa hutaki, kuzaa ukiwa unataka, na kulea uliyemzaa mahali penye usalama na heshima. Wakakusanya saini za mamia ya wanawake wakachukua ukurasa mzima wa Washington Post kulisema hilo, na mwaka 1997 ikazaliwa SisterSong, umoja wa vikundi vya wanawake weusi na wengine wasio wazungu. Najua mtu atasema hayo ni ya Wamarekani. Ya Wamarekani ni yale mengine. Hayo matatu mlete bibi yangu aliyekufa hajui kusoma atakuambia anayajua, maana ndiyo yaliyomo kwenye nyimbo zetu toka zamani, hasa hilo la tatu la kulea, huku ambako msimu wa korosho ukiharibika kliniki uzito wa watoto unaonekana umeshuka kabla hata wachumi hawajatangaza.

Niwape mfano wetu sasa, mdogo tu. Mnajua sera ya afya ya mwaka 2007 inasema huduma kwa mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure. Mnajua pia kinachotokea. Mama akifikisha miezi nane anaambiwa anunue glovu, wembe, uzi, pamba, mpira wa kutandika, beseni, na kanga safi. Asiyenacho anaogopa kutukanwa anajifungulia nyumbani. Kikundi chetu tulikuwa tumealikwa kucheza kwenye arobaini ya mtoto, na mwenzetu mmoja mtani sana akaanza kuimba ile orodha kama vile watu wanavyohesabu mahari, glovu jozi kadhaa, wembe mpya, beseni la bluu, na kila kitu wanawake wanaitikia "bure hiyo". Basi. Watu walianguka. Ikaimbwa mpaka usiku, na kesho yake watoto wanaimba njiani.

Na nesi wa zahanati alikuwepo pale arobaini. Tulidhani kanuna. Akaja kutuambia mnanisema mimi na mimi glovu nyingine nanunua kwa mfuko wangu, dawa zikiombwa Bohari ya Dawa ya serikali zinakuja pungufu, mnataka nifanyeje. Tukakaa nae. Ubeti wa pili ametupa yeye maneno, na ubeti huo haumtaji nesi tena, unauliza boksi limepotelea wapi kati ya mjini na kijijini. Ukafika mkutano mkuu wa kijiji, tukaomba nafasi ya kuburudisha (hapo unaona neno burudani lina faida yake), tukauimba na diwani amekaa. Mwenyekiti alitaka kutunyamazisha, watu wakasema rudieni. Ikabidi iandikwe kwenye muhtasari. Tulichopata: orodha ya huduma za bure ilibandikwa ukutani pale zahanati, na kamati ya kituo ikasoma mapato na matumizi mbele ya watu, jambo ambalo lilikuwa halijafanyika muda mrefu. Glovu bado kuna miezi zinaisha. Na mwenzetu mmoja mumewe alimkataza kuja mazoezini baada ya pale, kaambiwa mkeo amekuwa mwanasiasa. Kwahiyo sio jambo la kuchinjia ng'ombe, ila naomba mlinganishe na ule wimbo wa huduma rafiki.

Takwimu za nchi zinaenda vizuri na siwezi kukataa. Vifo vya wajawazito kwenye utafiti wa kitaifa wa 2015/16 vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai laki moja na ule wa 2022 vimeshuka mpaka 104. Wasichana wa miaka 15 mpaka 19 waliowahi kupata mimba kutoka asilimia 27 mpaka 22. Wamefanya kazi, madaktari na manesi na serikali, hongera zao. Lakini asilimia 22 ni zaidi ya binti mmoja katika kila watano, na hao waliobaki naona ni wale ambao hotuba haziwafikii tena, maana zingewafikia zingeshawafikia.

Posho sasa, nilisema ntaigusa. Mtaalamu akija kutoka mjini kuandika ripoti ya "mbinu za kitamaduni" analipwa, gari, hoteli, kila kitu, na sawa, kasoma. Kikundi cha ngoma ambacho ndo chenye huo utamaduni kinaambiwa kijitolee kwa ajili ya jamii. Tukiomba malipo tunaambiwa tulete risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Ya ngoma! Afu tukitaka kujisajili kuna fomu, katiba, muhuri wa huku na muhuri wa kule. Halmashauri ina afisa utamaduni, na ina mratibu wa afya ya uzazi na mtoto, ofisi zao unakuta ziko jengo moja na sijawahi kuwaona wamekaa meza moja kupanga kitu. Mmoja anatutafuta mwenge ukipita, mwingine anatutafuta siku ya maadhimisho. Wangekaa pamoja mwanzoni mwa mwaka wa bajeti, wakatuita kabla hawajaandika mpango wowote, na wakaja mikono mitupu bila wimbo, wangeshangaa. Na klabu za Tuseme zirudishwe kwa nguvu kwenye sekondari za kata, tena hizi zetu zisizo na mabweni ndio zianze, na walimu wenye wivu wa kuigizwa wavumilie.

Na nyie wa magazeti mna sehemu yenu. Kila mwaka mnatoa picha ya kinamama wa Mtwara wamevaa kanga sare, na chini yake mnaandika kikundi cha ngoma kikitumbuiza wageni. Wageni mnawataja majina na vyeo mpaka wa tatu kutoka kushoto. Naomba mwandishi wenu akija tena aulize kikundi kimeimba nini, na aandike hayo maneno, hata mistari miwili. Likizo ya mwezi wa sita ndo msimu wenyewe wa unyago unaanza, mtumeni aje, ila awe mwanamke maana kuna sehemu mwanaume hatutamruhusu kuingia hata awe na kitambulisho cha namna gani, na aje na viatu vya kutembelea, gari linaishia barabarani.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mtwara